Bugaluu Juu ya Bodaboda

Kuvaa kizamani kwa makusudi ni jambo tofauti kabisa na kuvaa kizamani kwa kukosa hela, ingawa jirani anayechungulia dirishani hana namna ya kuyatofautisha. Anayevaa kwa makusudi huchagua muongo mmoja uliopita, akaazima nguo zake, nywele zake na vipodozi vyake, kisha akavichanganya na vya leo ili asifanane na umati. Wanaoshika njia hii Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi ni vijana waliochoshwa na jinsi ya kubana, fulana yenye maandishi na raba nyeupe, sare isiyo rasmi inayovaliwa na kila mtu kuanzia kondakta hadi bwana harusi. Wanataka kitu cha peke yao, nacho hukipata kwenye albamu ya picha ya bibi, kurasa za mwanzo kabisa, kabla bibi hajawa bibi.

Kazi ya kufukua makabati ya wazee haikuanzia huku. Mwaka 1971 Vivienne Westwood na Malcolm McLaren walifungua duka namba 430 barabara ya King's Road, London, wakawauzia vijana wa wakati huo nguo za vijana wa miaka ya 1950. Ni duka hilohilo ambalo miaka michache baadaye, likiwa limeshabadilishwa jina zaidi ya mara moja, lilikuja kuwa makao ya panki, pamoja na pini zake na nguo zake zilizochanwa kwa ustadi. Amy Winehouse alipotoa albamu ya Back to Black mwaka 2006, kichwani alibeba kichuguu cha nywele na machoni alipiga wanja mrefu, vyote vya miaka ya 1960. Kichuguu chenyewe kilibuniwa mwaka 1960 na msusi wa jimbo la Illinois, Marekani, Margaret Vinci Heldt, aliyetaka nywele zitakazokaa vizuri chini ya kofia yake ndogo ya mahameli yenye umbo la tarbushi. Kila kizazi kinachotaka kuonekana hakijawahi kutokea huanza kwa kuvaa kilichokwisha kutokea.

Afrika Mashariki, muongo unaofukuliwa zaidi ni ule wa 1970. Ndio muongo wa bugaluu, ambayo wengine waliiita pekosi: suruali inayobana mapajani, ikafunguka kuanzia gotini mpaka ikameza kiatu. Ndio muongo wa raizoni, viatu vya soli nene vilivyomwongezea mvaaji kimo bila kumwongezea mizani. Ndio muongo wa shati la kubana lenye kola ndefu, wa kimini kwa upande mmoja na maksi kwa upande wa pili, na wa afro, ambayo safari yake nayo ilikuwa ndefu: nywele za Kiafrika zilikwenda Marekani, zikapata jina na umaarufu vichwani mwa mwanaharakati Angela Davis na wanamuziki wa Jackson 5, kisha zikarudi Afrika zikiwa fasheni kutoka nje. Muongo uliofuata haujapata wafuasi wengi nchini Tanzania, na sababu yake inaeleweka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika madukani, na mtindo uliotamba kuliko yote ulikuwa foleni.

Chanzo kikuu cha elimu ya mavazi ya wakati ule ni picha za studio. Kijana amesimama mbele ya pazia lililochorwa, mguu mmoja juu ya kistuli, redio begani, uso umekazwa. Picha hizo ni nzuri, na ndizo zinazosababisha karibu ajali zote za mvaaji wa leo. Nyingi hazina rangi, kwa hiyo hazisemi kwamba shati lilikuwa la machungwa na suruali ya zambarau. Hazina joto wala harufu. Isitoshe, zilipigwa kwa muda mfupi mno: mvaaji aliingia, akabana pumzi, taa ikawaka, akaachia pumzi, na pengine koti na tai akavirudisha palepale, kwa kuwa studio zilikuwa na vya kuazima. Kijana wa leo huchukua kilichoandaliwa kwa ajili ya sekunde moja, akakusudia kushinda nacho kutwa nzima kuanzia daladala ya saa kumi na mbili asubuhi.

Picha hazisemi pia kwamba mavazi hayo yaliwahi kuwa kosa. Nchini Tanzania, Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Bara wakati huo, ulipitisha azimio la kupambana na mavazi yaliyohesabiwa kuwa ya kihuni na ya kigeni, na tarehe 1 Januari 1969 Operesheni Vijana ikaanza kazi Dar es Salaam. Vimini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi vikapigwa marufuku. Nchini Uganda, Idi Amin alivikataza vimini mwaka 1972. Nchini Malawi, sheria ya mwaka 1973 iliwakataza wanawake suruali na sketi fupi, ikawakataza na wanaume nywele ndefu na bugaluu. Kwa hiyo mjukuu anayetoka chumbani na kimini akitarajia kuishtua familia, humkuta bibi akimtazama kwa jicho la mtaalamu. Kimini cha bibi kilikuwa kifupi zaidi, na alijifunza kukimbia nacho.

Ajali za nguo huanzia kwenye kitambaa, adui wa kwanza. Poliesta ilibuniwa Uingereza mwaka 1941, na kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imejaa kwenye maduka ya vitambaa vya huku kwa majina ya tetroni na krimplini. Wauzaji waliisifu kwa mambo matatu: haikunjamani, haichuji, haichakai. Jambo la nne hawakulitaja, nalo ni kwamba hainywi jasho. Pamba hunyonya jasho na kuliachia likakauka. Poliesta huliacha lilipo, likajitafutia njia lenyewe. Mwezi Machi, joto la Dar es Salaam likiwa nyuzi 32 na hewa imejaa unyevu wa bahari, shati la krimplini la mikono mirefu huenda kwa ratiba inayotabirika. Saa tatu asubuhi mvaaji anapendeza. Saa sita anaomba kuhamia karibu na feni. Saa nane wenzake ndio wanaomwombea ahamie karibu na feni, ya chumba kingine.

Adui wa pili ni pasi. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 260 hivi, na hulegea kabla ya kufika hapo. Pasi ya umeme ina kitufe cha kupunguza moto. Pasi ya mkaa haina kitufe, ina mkaa. Shati lililonusurika na mende, panya na kuhama nyumba kwa nusu karne humalizwa asubuhi moja na mtu mwenye haraka, na alama inayobaki mgongoni haitoki kwa sabuni wala kwa maombi. Wazoefu hutandika kitambaa cha pamba kilicholowekwa kidogo juu ya nguo, kisha hupitisha pasi juu yake. Wasio wazoefu hununua koti la kufunika mgongo, na hivyo kurudi kwenye tatizo la jasho.

Adui wa tatu ni namba. Nguo ya kike ya miaka ya 1970 iliyoandikwa 12 ni ndogo kuliko ya leo iliyoandikwa 12, kwa sababu viwanda vimekuwa vikipanua vipimo taratibu huku vikiacha namba palepale, ili mnunuzi ajisikie vizuri. Anayenunua gauni la kale kwa kutazama namba hugundua ukweli huu zipu ikiwa katikati ya mgongo, haipandi, haishuki. Katika hali hiyo ushauri wa kawaida ni kutulia na kumwita mtu. Ushauri huu ni mgumu kwa anayeishi peke yake.

Mahali pa kupata nguo hizo ni kwenye mitumba: Karume na Manzese kwa watu wa Dar es Salaam, Gikomba na Toi kwa watu wa Nairobi. Anayewahi belo likifunguliwa hupata mali. Anayechelewa hupata maelezo. Muuzaji akishagundua kwamba mteja anatafuta vya zamani, kila kitu mezani huzeeka ghafla. Suruali iliyokuwa ya kawaida dakika mbili zilizopita inakuwa ya mwaka 1972, iliyovaliwa na mzungu mmoja tu, siku za Jumapili. Dawa ya hadithi hizo ni kugeuza nguo ndani nje. Zipu nzito ya chuma na mshono wenye akiba pana ya kitambaa ni dalili njema. Lebo yenye anwani ya tovuti ni ushahidi wa kutosha kwamba mwaka 1972 haukuhusika.

Asiyepata mtumba humwendea fundi cherehani. Ipo njia ya uhakika ya kugeuza suruali ya modo, yaani ya kubana, kuwa bugaluu: mshono wa nje hufumuliwa kuanzia gotini kushuka chini, kisha huingizwa kipande cha pembetatu. Kipande kikiwa na kitako cha inchi 6, mzunguko wa mguu huongezeka inchi 6 chini. Hesabu hiyo haijawahi kumshinda fundi yeyote. Linaloshinda ni mazungumzo. Fundi kijana huitazama picha kwenye simu, akaikuza, akatabasamu, akasema "hii tunaijua," na Ijumaa ya pili baada ya ile aliyoahidi hukabidhi suruali iliyofunguka kuanzia pajani, ambayo kwa jina lake halisi ni sketi mbili. Fundi mzee ana kasoro ya kinyume. Yeye aliwahi kuzishona zenyewe, kwa hiyo haulizi kitu, hushona ya mwaka 1974 kamili, kiuno juu ya kitovu, na mteja akilalamika kwamba alitaka ikae nyongani, huambiwa kwa upole, "Mwanangu, hapo hakuna suruali. Hapo ni mahali pa kufungia kanga."

Bugaluu ikishapatikana, hukutana na chombo ambacho waliokuwa wakiivaa zamani hawakukipanda. Bodaboda ina mnyororo upande mmoja na ekzosi upande wa pili, na katikati hakuna nafasi iliyotengwa kwa ajili ya suruali. Kijana mmoja wa Sinza, mwenye bugaluu ya kahawia iliyotoka kwa fundi siku hiyohiyo, alipanda bodaboda kwenda kwenye onyesho la muziki Mikocheni. Mguu wa kushoto aliukunja akaubana vizuri kwa mpira wa kufungia hela. Mguu wa kulia aliuachia, kwa kuwa ndio uliokuwa upande wa watu. Walipofika kwenye foleni ya magari dereva akaanza kunusa.

"Bro, kuna kitu kinaungua."

"Injini yako hiyo."

"Injini yangu naijua. Hii ni nailoni."

Kijana alipoinama, pindo la kulia lilikuwa limeshika ekzosi na kuanza kuchuruzika. Alivuta, kitambaa kikavutika pamoja na kitu cheusi chenye nyuzi ndefu. Alishuka Mikocheni akiwa na bugaluu kamili mguu wa kushoto, na mguu wa kulia kitu kilichoishia katikati ya muundi, kingo zake zikiwa ngumu na zimejikunja. Kwa bahati ngozi ilikuwa salama. Pale mlangoni, mpiga gitaa mmoja mwenye panki ya rangi ya kijani alimzunguka akimkagua kwa heshima, akamuuliza aliyemchomea ni nani. Kijana alijibu kwamba ni fundi wake binafsi, na hakuwa na wateja wengi. Suruali hiyo haikutengenezwa tena. Huvaliwa hivyohivyo mpaka leo, na pengine ndiyo nguo pekee usiku ule iliyokuwa na haki ya kuitwa ya mtindo mbadala.

Viatu vina hatari ya aina yake, kwa sababu huharibika vikiwa vimetulia. Soli za mbao hudumu, ingawa gundi iliyozishika hukauka. Soli za poliyurethani, zilizoenea tangu miaka ya 1970, hunyonya unyevu wa hewa na kuoza polepole kikemia hata kama kiatu hakijavaliwa, na mji wa pwani ni mahali pabaya pa kuvitunza. Kwa nje kiatu huonekana kipya. Mwenye nacho hukitoa kwenye boksi, akakipangusa, akakivaa kwenda harusini, na ukumbini, wakati wa kwenda kutunza, soli huanza kumeguka vipandevipande. Bwana mmoja aliyevaa raizoni ya marehemu baba yake alianza safari ya kwenda mezani kwa maharusi akiwa mrefu kuliko mshenga na akafika akiwa mfupi kuliko bibi harusi, huku nyuma yake kukiwa na mstari wa makombo meusi ambao mhudumu aliufuata kwa ufagio bila kusema neno. Dawa yake ni ndogo: viatu vya kale vibonyezwe kwa kidole gumba na kuvaliwa ndani ya nyumba kwanza, na vyenye thamani vipelekwe kwa fundi viatu akaweke soli mpya.

Hata raizoni iliyo nzima haina huruma. Mwaka 1993, katika onyesho la mavazi jijini Paris, Naomi Campbell alianguka chini akiwa amevaa viatu vya soli ndefu vilivyobuniwa na Westwood yuleyule wa King's Road. Naomi alikuwa mwanamitindo wa kimataifa, anatembea kwenye sakafu iliyo sawa, chini ya taa, bila mzigo. Anayevuka barabara ya Kariakoo na mfuko wa vitunguu hana sababu ya kujiamini kuliko yeye. Naomi aliinuka akicheka, na viatu vikaishia makumbusho ya Victoria and Albert, London, heshima ambayo viatu vilivyoanguka Kariakoo bado havijapewa.

Katika nywele, afro inaonekana rahisi kwa sababu haina msuko. Ukweli ni kwamba inataka kazi kuliko msuko. Nywele za kipilipili zikipata unyevu hujikunja na kurudi kwenye umbo lake la asili, na urefu unaoonekana unaweza kupungua hata nusu. Kwa hiyo mwenye afro huziosha, akazipaka mafuta, akasuka mabutu au kuzizungushia uzi ili zinyooke, akalala nazo, akafumua asubuhi, kisha akazichana kwa chanuo la meno marefu, ncha kwanza, mashina baadaye. Baada ya saa nzima ya kazi hiyo hutoka nje, manyunyu yakampata hatua ishirini kutoka mlangoni, na afro ikarudi kichwani kimyakimya. Asiponyeshewa na mvua, hukutana na kofia ngumu ya bodaboda, ambayo sheria inaitaka na afro haiitaki. Kofia ikivuliwa, nywele huwa na ghorofa mbili.

Zipo pia hesabu za kimo ambazo waanzao huzisahau. Raizoni ya inchi 4 na afro ya inchi 5 huongeza inchi 9, na paa la Hiace haliongezeki. Abiria wa namna hiyo akikosa siti husafiri ameinama, shavu likiwa karibu na bega la mtu asiyemfahamu, na kila breki humwachia ujumbe wa mafuta ya nywele kwenye dari. Akipata siti, malalamiko hutoka kwa aliye nyuma yake, ambaye hajui tena kama wamefika Ubungo au la.

Walioruka muongo mmoja mbele huangukia kwenye kalikiti, zile nywele za mawimbi yaliyolowa za miaka ya 1980. Hapo ajali si ya kuchekesha kwa mwenye kichwa. Dawa ya kalikiti hutumia kemikali za jamii ya thioglikoleti, na dawa nyingi za kulainisha nywele hutumia jamii ya haidroksaidi. Ya kwanza ikiwekwa juu ya nywele zilizokwisha kuwekwa ya pili, nywele hukatika. Msusi mwenye ujuzi huuliza kwanza nywele zimeshawekwa nini, na kama jibu ni dawa, hukataa hela. Hata zinapokubali, kalikiti hutaka kupakwa mafuta kila siku ili zisikauke, na mafuta hayo hayabaki kichwani. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka mito ya kulalia iliyobadilika rangi, kola zilizoiva, na kochi la sebuleni lililokuwa na alama ya kichwa cha kila mgeni. Wigi ndiyo njia ya amani, mradi libanwe kwa pini za kutosha kabla ya kupanda kivuko cha Kigamboni, ambako upepo wa baharini hauheshimu muongo wowote.

Uso una historia ya kukosewa. Katika miaka ya 1960 na 1970 vipodozi vingi vilitengenezwa bila kumfikiria mwenye ngozi nyeusi. Eunice Johnson wa Chicago alianzisha kampuni ya Fashion Fair mwaka 1973 kwa sababu hiyohiyo: wanamitindo weusi walikuwa wakijichanganyia rangi wenyewe ili zifanane na ngozi zao. Anayefuata maelezo ya vipodozi vya wakati ule neno kwa neno hupata poda iliyopauka, na matokeo yake ni uso wa mtu mmoja juu ya shingo ya mtu mwingine. Kinachotakiwa kuazimwa ni umbo la mtindo. Rangi ya msingi iwe ya mvaaji mwenyewe. Kivuli cha buluu cha miaka ya 1970, kwa mfano, hupotea au huwa kijivu juu ya kope nyeusi kikipakwa peke yake. Kikipakwa juu ya penseli nyeupe au ya buluu, hutokea kama kilivyokusudiwa. Kuna kitu kimoja tu cha zama hizo ambacho hakistahili kurudi kwa marekebisho yoyote, nacho ni krimu na sabuni za kuchubua, ambazo baadhi zilikuwa na zebaki.

Nyusi ni suala la subira. Nyusi nyembamba zimerudi mara kadhaa katika karne moja, na kila ziliporudi ziliwaachia watu wengine hasara ya kudumu, kwa sababu nyusi zinazong'olewa mara kwa mara huweza kugoma kuota. Wengine huona njia ya mkato ni kuzinyoa zote na kuzichora upya kwa wanja. Wanja wa kawaida na jasho la daladala havipatani. Dada wa namna hiyo huondoka Gongo la Mboto akiwa na nyusi mbili zilizoinuka kwa mshangao, akajifuta uso mara moja tu Tazara, akafika Posta akiwa na moja, na siku nzima kazini kila anayezungumza naye hudhani haaminiwi.

Kope za bandia ndizo zilizompa mwanamitindo Twiggy sura yake mwaka 1966, pamoja na kope nyingine alizojichorea chini ya macho. Twiggy alikuwa London. Kwenye joto la pwani gundi ya kope hulegea pembeni kwanza, mvaaji akahisi kitu kinamgusa, akapepesa macho, na kila anavyopepesa ndivyo inavyoendelea kubanduka. Kwenye mahafali ya chuo kimoja, kope ya kulia ya mhitimu ilishuka mpaka katikati ya shavu kama jongoo anayetafuta kivuli, wakati huohuo mama yake mdogo akipiga picha. Mama mdogo, ambaye hakuwa na habari za kope za bandia, aliweka simu chini, akavua kiatu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, usitikisike." Mhitimu aliokolewa na uamuzi wake wa kukimbia. Wenye uzoefu huacha gundi ikauke kidogo mpaka inate ndipo wabandike, na wakati wa joto hubandika kope za vipandevipande, maana kikidondoka kimoja hakuna anayevua kiatu.

Ukitoka usoni kinabaki kikwazo cha mwisho, nacho ni jamaa. Nguo ya zamani ina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe yu hai. Kijana huikuta suruali ndani ya sanduku kwa bibi yake, inanuka vidonge vya kufukuzia nondo, akaifua, akaivaa kwenda kwenye shughuli ya ukoo. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba. Umeipata wapi suruali yangu?" Hapo hufuata maelezo ya ukumbi ilipovaliwa, dansi iliyopigwa, na msichana aliyekataa kucheza na mjomba kwa sababu ambazo hazikuwahi kueleweka. Kisha mjomba huiomba aijaribu kidogo tu. Haipandi. Kwa kawaida suruali hurudishwa kwa kijana bila maneno mengi, na mjomba huhamia upande wa chakula. Kwa upole wake, jamii haichukizwi na mavazi haya. Huyachukulia kuwa zilipendwa na kuomba wimbo. Pigo kwa muasi ni hilo: alitaka kuogopwa, akaombwa acheze.

Pwani kuna vitu ambavyo havihitaji kufufuliwa kwa kuwa havikufa. Hina, piko na wanja wa manga vimepita katika miongo yote hii bila kuomba ruhusa, na kanga imekuwa ikibadilisha maneno yake bila kubadilisha umbo. Wanamitindo wachanga wenye akili huanzia hapo: bugaluu ya kisasa chini, kanga iliyoshonwa shati juu, wanja wa manga machoni. Vitu hivyo vimekwisha kufanyiwa majaribio na jua, jasho na chumvi ya bahari kwa muda mrefu kuliko poliesta yoyote, na vikashinda.

Kanuni zinazotokana na ajali hizi zote ni fupi. Chukua kitu kimoja cha zamani kwa mara moja, nguo au nywele au uso, na vingine viwe vya leo. Anayevaa muongo mzima huonekana anasubiri kuitwa jukwaani. Chukua mchoro wa zamani, kitambaa kiwe cha sasa: bugaluu ya pamba au ya jinsi hupendeza vilevile na hupumua. Jaribu kila kitu nyumbani, kwenye joto, ukitembea, kabla ya kukipeleka mbele za watu. Usiweke dawa juu ya dawa. Kilichoharibika njiani kivae kwa kujiamini, kwani nusu ya mitindo mbadala duniani ilianza kwa kuharibika. Na mwenye bugaluu, hata kama amechelewa namna gani, apande daladala.